Hewa ya Korido ni ya Nani?

 

Leo nina swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote ya vijana, ingawa wengi wetu tunalala nalo kila usiku. Hivi, mtu mwenye kipato kidogo anayetafuta chumba cha kupanga ana haki ya kudai hewa isiyo na moshi? Au hewa safi ni kama vigae na choo cha ndani, yaani kitu kinachokuja ukishakuwa na hela?

Usijibu haraka. Sote tutasema ana haki, maana sisi ni Wakristo na tunajua jibu linalotakiwa. Lakini angalia tunavyoishi. Kijana akikataa chumba kwa sababu ya moshi tunamwambia anadeka, anajifanya amezaliwa Ulaya. Mnyonge hana haki, tunasema, halafu tunacheka. Ukipenda boga penda na ua lake: umependa kodi ya elfu thelathini, basi penda na moshi wake. Mimi methali nazipenda, ila hiyo ikitumika hivyo naona ni uonevu uliovalishwa nguo ya hekima.

Nieleze kwanza hali yenyewe, kwa faida ya wanaosoma wakiwa Dar au Mwanza, maana huko joto huwaacha watu wapike nje mpaka usiku. Mbeya na Iringa ni juu, mita 1,600 kwenda 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nyumba nyingi za kupanga huku ni zile za korido: mlango mmoja mbele, mmoja nyuma, katikati korido nyembamba, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Kila chumba kina dirisha moja, na mara nyingi limezibwa kwa boksi au nailoni kwa ajili ya baridi. Jiko la pamoja hakuna. Kila mpangaji anawasha jiko lake la mkaa uani, na mvua ikianza (na mvua ya Mbeya mnaijua) majiko yote yanahamia koridoni. Ikifika saa mbili usiku, jiko ambalo limeshaivisha ugali linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanaota.

Mwaka jana nilihama kutoka Kihesa, Iringa, nikaja Mbeya kwa kazi, na mdogo wangu nikaja naye. Mdogo wangu ana pumu. Mshahara laki mbili na nusu. Chumba cha elfu arobaini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka mwezi wake mmoja: tayari laki mbili na elfu themanini kabla hujanunua hata ndoo. Kwa hiyo ukiingia kwenye chumba umeingia. Huwezi kusema nitajaribu mwezi mmoja nione. Hilo nalo ni sehemu ya swali letu, kwa sababu uhuru wa kuchagua wa maskini unatumika mara moja, mlangoni, kwa dakika kumi, dalali akiwa anaangalia simu yake.

Chumba cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa upande wa Ilomba, elfu thelathini. Kizuri kwa bei yake. Nikaangalia juu. Dari ya korido ilikuwa nyeusi kama chungu cha kupikia makande, na juu ya kila mlango kulikuwa na kivuli cheusi kinachoonyesha jiko linakaa wapi. Nikauliza wapangaji wanapika wapi mvua ikinyesha. Dalali akanitazama: "Bro, unatafuta chumba au wodi?" Cha pili kilikuwa na hewa nzuri kabisa asubuhi, ila dirisha lake linatazama kijiwe cha vijana, na ukutani chini ya dirisha vipisi vya sigara vimejaa kama mbegu. Cha tatu, kule Uyole, mwenye nyumba amejenga banda la kupikia na amekataza jiko ndani. Elfu themanini. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nikapata cha nne, mitaa miwili tu kutoka kile cha kwanza. Nitarudi kwake baadaye, maana nacho kina moshi wake.

Sasa tuongee kuhusu moshi wenyewe, kwa sababu hapa watu wengi tunadanganyika. Mkaa ukiwaka vizuri, ukawa mwekundu, hautoi moshi wa kuonekana. Ndiyo maana tunaungojea "ukolee" nje, halafu tunauingiza ndani tukiamini hatari imeisha. Kumbe pale ndipo ilipo. Mkaa mwekundu unatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unaanza kukosa hewa huku pua haijui. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu aliyelala hapati hata nafasi ya kuzisikia hizo dalili. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke hospitali. Dua utaisoma njiani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani unaotokana na nishati za kupikia uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee. Tanzania kaya nyingi bado zinapikia kuni na mkaa. Serikali inalijua hili: Mei 2024 ilizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 mpaka 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Ni jambo jema. Lakini mwaka 2034 uko mbali kwa mtu anayelipa kodi mwezi huu, na mama wa koridoni anakuambia ukweli ambao takwimu haziusemi: mtungi mdogo wa gesi unadumu, ndiyo, ila unataka zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo. Mkaa unanunua kopo moja kwa siku. Kwa mwezi mkaa unaweza kuwa ghali kuliko gesi, kwa siku ni nafuu, na yeye anaishi kwa siku. Jiko la umeme je? Luku ni moja kwa nyumba nzima, na ukionekana na jiko la umeme wapangaji wenzako watakukalisha kikao.

Kwa hiyo, kimaadili, moshi wa jiko na moshi wa sigara naona si kitu kimoja, hata kama mapafu ya mdogo wangu hayatofautishi. Anayepika kwa mkaa anatimiza wajibu, analisha watoto, na yeye mwenyewe ndiye anayeuvuta kuliko wote, na mtoto yuko mgongoni. Anayevuta sigara kwenye dirisha la mwenzake hana wajibu huo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaweka tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa, kati ya vitu ambavyo fadhila ya kiasi inatutaka tusivitumie kupita kiasi. Haisemi kila sigara ni dhambi, na nisingependa mtu asome hapa akaenda kumhukumu babu yake. Lakini namba 2288, hatua mbili kabla, inasema uhai na afya ni zawadi za Mungu za kutunzwa huku tukizingatia mahitaji ya wengine, na kwamba jamii ina wajibu wa kusaidia watu wapate hali zinazowawezesha kuishi kwa afya. Makazi yametajwa hapo pamoja na chakula na mavazi. Papa Fransisko naye, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alipoanza kueleza uchafuzi wa hewa hakuishia kwenye viwanda. Aliwataja wanaougua kwa kuvuta moshi wa kupikia na kupashia nyumba joto. Nilipoisoma namba ile ya 20 kwa mara ya kwanza nilihisi kama Baba Mtakatifu amepita koridoni kwetu.

(Kuna mtu lazima ataniuliza kuhusu ubani wa Misa. Ndugu yangu, kanisa lina madirisha kumi na mbili, na padre haingii na chetezo chumbani kwako saa nne usiku.)

Nirudi kwenye chumba changu cha nne. Jirani yangu wa ukutani ni mzee wa miaka kama sabini. Kila jioni alikuwa anakaa na kigoda chake chini ya dirisha letu, anavuta. Mdogo wangu akaanza kukohoa usiku. Wapo walionishauri nimwambie mwenye nyumba, wengine wakanitajia sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ya mwaka 2003. Sheria ipo kweli, ila ukiisoma unaona jicho lake liko kwenye maeneo ya umma. Dirisha langu si la umma.

Nikaenda mwenyewe. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikakaa chini, tukaongea mvua, tukaongea bei ya mbolea, nikafika kwenye dogo na pumu yake. Mzee akanyamaza kidogo, akaizima sigara kwenye unyayo wa kandambili. Akaniambia alifanya kazi Chunya kwenye tumbaku kwa miaka mingi, akilala kwenye mabani, anachochea kuni usiku kucha ili majani yakauke vizuri. "Mimi moshi ndio uliosomesha watoto wangu," akasema. "Sasa hauniachi."

Nilikuwa nimekwenda na hoja zangu zimejipanga vizuri, na zote zilikuwa za kweli, ila alikuwa mbele yangu mtu ambaye moshi ulikuwa umemwingia kabla haujaniingia mimi. Kanisa linafundisha kwamba mazoea ya muda mrefu yanaweza kupunguza lawama ya mtu kwa anachofanya. Halisemi yanapunguza madhara. Mzee analaumika kidogo kuliko nilivyodhani, na dogo anakohoa vilevile. Mambo haya mawili nililazimika kuyashika kwa pamoja, na sisi vijana hilo linatushinda: tukimhurumia mtu tunadhani lazima tunyamaze, na tukiamua kusema tunadhani lazima tuache kumhurumia. Kigoda kimehamia chini ya mparachichi karibu na geti. Mvua ikinyesha kinarudi barazani, na siku hizo tunafunga dirisha.

Mpaka hapo swali lilikuwa langu na mdogo wangu. Lilibadilika Julai.

Kile chumba cha kwanza, chenye dari nyeusi, kilipangwa siku tatu baada ya mimi kukikataa. Aliyekipanga ni dada mmoja anayeuza mboga sokoni Mwanjelwa, ana mtoto wa miezi saba, na kwa kuwa ni mitaa miwili tu, tukajikuta jumuiya moja. Jumamosi moja, kwenye sala za jumuiya, tulipofika sehemu ya kumshukuru Mungu, akasimama. Akasema alhamisi usiku yeye na mtoto walipata malaria kali ya ghafla. Kichwa kilimpasuka, mtoto akawa analia kwa sauti ndogo sana, hajiwezi. Akatoka nje kutafuta msaada, akakaa uani na mtoto kwenye baridi akisali, na taratibu wote wawili wakapata nafuu. Mungu amewaponya. Tukaitikia, tukapiga makofi.

Kwenye jumuiya yetu kuna mama mmoja ni muuguzi. Hakupiga makofi. Aliuliza kwa upole: "Mwanangu, jiko lilikuwa wapi?"

Lilikuwa chumbani. Dirisha lilikuwa na boksi.

Tangu siku hiyo, swali la "nina haki ya kukataa chumba chenye moshi?" naliona dogo mno. Ndiyo, unayo haki. Ukikiona chumba kitakuumiza na una pengine pa kwenda, nenda, na mtu asikuite mdekaji. Lakini chumba ulichokikataa hakifi. Kinasubiri mtu mwenye nafasi ndogo kuliko wewe. Soko la vyumba ndivyo linavyofanya kazi: wenye elfu themanini wanapanda Uyole kwenye banda la kupikia, wenye arobaini wanabahatisha, na mwenye thelathini na mtoto mgongoni anachukua kile ambacho sisi wote tumeshakikimbia. Kila mmoja wetu ametumia haki yake vizuri kabisa, na mwisho wa foleni amebaki yule mtoto.

Mtakatifu Yakobo anaongea kuhusu mtu anayemwona ndugu yake hana nguo wala chakula, halafu anamwaga kwa maneno matamu, akimtakia joto na shibe, bila kumpa chochote. Nimelisikia somo hilo mara nyingi, ila sikuwahi kufikiri kwamba lingeweza kumfikia mtu aliyeitikia vizuri kabisa "Kwa Mungu yote yanawezekana" baada ya shuhuda ya malaria ambayo haikuwa malaria.

Wajibu unaanzia wapi, basi? Mimi nimeutafuta kwenye kitabu ambacho vijana hatukisomi sana. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kuna amri ndogo kwa mtu anayejenga nyumba mpya: aweke ukingo kuzunguka dari yake ya juu, ili mtu asianguke akafa na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Wakati ule watu walikuwa wanakaa juu ya paa jioni, kama sisi tunavyokaa koridoni. Iangalie vizuri amri hiyo. Haimsubiri mtu aanguke. Haimwambii mgeni awe mwangalifu. Haisemi ukingo ni kwa wageni waliolipa zaidi. Anayejenga ndiye anayejua watu watapita wapi, basi yeye ndiye wa kwanza kuwajibika. Ukiileta Mbeya, ukingo wa paa ni mstari wa matofali ya matundu juu ya kila mlango, na banda la bati uani ili mvua isiwarudishe watu koridoni na majiko yao.

Ni rahisi kuandika hivyo. Tulipokwenda, watu wanne wa jumuiya, kuonana na mwenye nyumba, tulimkuta mama mjane wa miaka sitini na kitu. Vyumba vyake sita vinampa laki moja na elfu themanini kwa mwezi, chumba kimoja kikikaa wazi ni pungufu, na kwa hela hiyo anakula na kusomesha wajukuu wawili. Nyumba aliijenga marehemu mume wake, yeye amerithi nyumba na dari yake nyeusi pamoja. Hakutufukuza. Alitukaribisha chai. Aliposikia habari ya mtoto alishika kichwa, akasema "Yesu wangu," na niliamini kwamba anamaanisha.

Halafu akasema: sawa, mjenge banda, mtoboe na matundu, ila likikamilika kodi itakuwa elfu thelathini na tano.

Hapo ndipo sisi wanne tuligawanyika, na mpaka leo hatujakubaliana. Mmoja alisema ni haki yake, nyumba ikiboreshwa bei inapanda, ndivyo ilivyo kila mahali. Mwingine alisema ni aibu: wapangaji watoe nguvu zao na bati za michango, halafu walipishwe kwa jasho lao wenyewe. Na muuguzi akauliza swali lililonikaa mpaka sasa: yule dada akishindwa hiyo elfu tano, atahamia wapi? Atahamia chumba kingine cha elfu thelathini, chenye dari nyeusi. Tutakuwa tumeusafisha ule moshi kwa kumhamisha yeye.

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga. Vipo vitu vya nyumba vinavyouzwa: vigae, choo cha ndani, maji chumbani. Mwenye navyo aongeze kodi, hana kosa. Lakini hewa ya kumwezesha mtu aamke asubuhi haimo kwenye orodha hiyo, kama vile ukingo wa paa katika Torati hauuzwi kwa mgeni. Bila hiyo, kinachopangishwa hakijawa nyumba bado. Kama mama ametumia fedha yake kujenga, arudishiwe gharama kidogo kidogo, ikiisha kodi irudi. Kama hakutumia, hiyo elfu tano inalipia nini?

Najua pia kwamba kumwambia mjane aache kipato ni rahisi kwa mtu ambaye hasomeshi wajukuu. Ndiyo maana huwa nakumbuka habari moja ya Vatikano. Novemba 2017 ilitangazwa kwamba Papa Fransisko ameamua sigara zisiuzwe tena ndani ya Vatikano kuanzia mwaka 2018. Zilikuwa zinauzwa kwa wafanyakazi kwa bei nafuu, na zilikuwa zinaingiza fedha nyingi. Sababu iliyotolewa ni fupi: Vatikano haiwezi kushiriki katika jambo linaloharibu afya za watu waziwazi, na faida haiwezi kuwa halali kama inagharimu maisha. Sasa, Vatikano ina vyanzo vingine, mjane wa Ilomba hana. Kwa hiyo kama tunamtaka yeye afanye lililo sawa, sehemu ya gharama ya usawa huo inatuangukia sisi tuliokwenda kunywa chai yake. Hapo ndipo naona jumuiya ndogo ndogo zina kazi ambayo parokia kubwa haiwezi. Maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele mwaka 1976 walitaka Kanisa likae karibu na nyumba za watu. Jumuiya inaingia nyumba kwa nyumba kila wiki. Inajua dari ya nani ni nyeusi, nani amehama, chumba gani kimebaki wazi na kwa nini. Dalali anajua hayo yote pia, tofauti ni kwamba yeye anakuuzia kunyamaza kwake.

Basi tumeanza. Katibu wa jumuiya ana daftari: kijana akija mjini, kabla hajatoa hela ya dalali, anauliza, na anaambiwa ukweli wa kila korido tunayoijua, hata zile za waumini wenzetu, jambo ambalo limeshaleta maneno. Banda limejengwa Agosti. Fundi alikuwa wa UWAKA, kwa chakula tu. Bati zilitoka kwenye michango. Wapangaji walichimba mashimo ya nguzo wenyewe, na waliochimba sana ni wawili ambao si Wakatoliki, kijana mmoja Mmoravian na baba mmoja Mwislamu, ambaye alileta pia misumari bila kuulizwa. Matundu juu ya milango yametobolewa manne kati ya sita. Mama amekubali kodi isipande mpaka Januari, na Januari tutarudi kwake.

Yule dada ameliondoa boksi dirishani, akaweka kanga. Jiko linalala nje. Juzi nilimkuta gengeni akaniambia usiku baridi inawaua, mtoto anaamka anatetemeka, na akaniuliza kama jumuiya ina blanketi. Nimemwambia nitauliza. Mwenye blanketi la ziada aliletee ofisi ya parokia, au amwambie katibu wa jumuiya yake, maana si huyu peke yake.